Fundi wa Kujitegemea na Maswali Saba ya Sheria

Kijana aliyehitimu ufundi VETA Kibaha ana njia mbili za kula kwa ujuzi wake. Anaweza kuajiriwa kiwandani, au akajitegemea: achomelee mageti, atandaze nyaya majumbani, ajenge. Kata ya Misugusugu na zile za jirani kando ya Barabara ya Morogoro zina kazi za aina zote mbili. Kinachonisumbua ni hali ya tatu, ambayo hakuna aliyeichagua: mtu anaitwa fundi wa kujitegemea, anasaini karatasi inayosema hivyo, kumbe ni mwajiriwa aliyenyimwa haki za mwajiriwa.

Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 hakiishii kwenye jina lililoandikwa kwenye mkataba. Kinatazama mambo saba. Je, mtu huyu anaelekezwa namna ya kufanya kazi? Anapangiwa saa? Je, ni sehemu ya taasisi anayoitumikia? Je, katika miezi mitatu iliyopita amefanya kazi hapo kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi? Anamtegemea kiuchumi anayemlipa? Anapewa vifaa vya kazi? Anamfanyia kazi huyo mmoja tu? Ndiyo moja inatosha: atachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na saa 45 si nyingi; ndicho kikomo cha saa za kawaida za wiki moja kwa sheria zetu.

Anayeanza kujitegemea kweli aisome orodha hiyo kwa kuigeuza. Anunue vifaa vyake, hata kwa kudunduliza: leo grenda, kesho mashine ya kuchomelea. Atafute mteja wa pili kabla kazi ya kwanza haijaisha. Akubaliane na mteja kazi itakayokabidhiwa na tarehe yake, si saa ya kuripoti getini.

Bei ndiyo inayowaangusha wengi. Fundi huchukua malipo ya kibarua ya siku moja, akazidisha kwa siku anazodhani atatumia, akaitaja hiyo kuwa hela ya ufundi. Mwajiriwa ana likizo ya malipo ya siku 28 kwa mwaka, mwajiri anamchangia NSSF, na akianguka jukwaani kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Anayejitegemea anayabeba yote peke yake. NSSF hupokea michango ya waliojiajiri, lakini mchango huo lazima utoke kwenye bei ile ile, pamoja na nauli, diski za grenda, siku za mvua na siku za kuzunguka kutafuta kazi. Bei isiyo na hayo ni hasara iliyocheleweshwa.

Makubaliano ya mdomo yanakubalika kisheria, ila kuyathibitisha ni shughuli nyingine. Karatasi moja inatosha: kazi gani, vifaa ananunua nani, kila hatua inalipwa kiasi gani. Kwa nyumba, gawanyeni malipo kwa msingi, lenta, kupaua na umaliziaji, na hatua mpya isianze kabla ya iliyopita kulipwa. Hela ya vifaa ikae mbali na hela ya ufundi. Ugomvi mwingi wa saiti huanzia pale zinapochanganywa.

Upande wa usajili, TIN hutolewa bure na TRA. Leseni ya biashara iulizie halmashauri. Fundi umeme anahitaji pia leseni ya EWURA, maana mteja anayetaka kuunganishiwa umeme na TANESCO atadaiwa uthibitisho wa mkandarasi mwenye leseni. Anayelenga kandarasi za majengo ajisajili kwenye Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ambako ngazi ya kuanzia ni daraja la saba.

Halafu kuna saidia fundi. Siku unapomwita kijana akuchanganyie zege kwa koleo lako, kwa saa unazopanga wewe, maswali yale saba yanakugeukia. Andika siku zake za kazi na umlipe kwa wakati, hata kama mteja wako bado anakuzungusha. Ukimwachisha kazi bila sababu na bila kufuata utaratibu, ana siku 30 za kupeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mbele ya Tume anayejibu ni wewe.