Filamu Nne Mbele ya Familia ya Kiislamu

Mwezi uliopita baadhi ya wazazi wa hapa Vigwaza waliiletea kamati ya msikiti ombi kwamba kibanda cha video kifungwe, kwa kuwa vijana wanaikosa swala ya Ishaa. Nikiwa katibu, niliiandika barua ile kwa mkono wangu. Usiku huohuo nilimkuta mwanangu wa miaka 10 amejifunika shuka, akitazama filamu katika simu ya mama yake. Kibanda kilikuwa kimekwisha kuhamia nyumbani kwangu.

Nikaona si insafu kuhukumu nisichokijua. Kwa majuma kadhaa, mimi na mama watoto tumetazama filamu nne za watengenezaji wa kujitegemea, zote zikihusu maisha ya Afrika Mashariki.

Ya kwanza ni Vuta N'kuvute (2021) ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuoneshwa katika tamasha la Toronto. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950: Yasmin, binti mwenye asili ya Kihindi, anaikimbia ndoa ya mume mzee, kisha anakutana na Denge, mpigania uhuru. Picha zake ni nzuri mno, na Kiswahili chake kitamu. Hata hivyo, ina mandhari za mapenzi zisizofaa mbele ya watoto. Wazazi waitazame peke yao, wajiulize: je, binti zetu tunawaomba idhini kama alivyotufundisha Mtume (s.a.w.), au tunawapa taarifa tu?

Binti (2021) ya Seko Shamte inasimulia wanawake wanne wa Dar es Salaam, wenye mizigo ya madeni, ukatili wa mwanamume na hamu ya kupata mtoto. Visa vingine vinakatika kabla ya kukomaa. Pamoja na hayo, naipendekeza kwa wanandoa, hususan waume.

Supa Modo (2018) ya Mkenya Likarion Wainaina ni ya familia nzima. Jo ni mtoto mgonjwa asiyetarajiwa kupona, na kijiji kizima kinashirikiana kumtengenezea filamu ambayo yeye ndiye shujaa. Tulilia sote. Humo mna somo la kumzuru mgonjwa ambalo khutba zangu hazijalifikisha.

Ya mwisho, Watu Wote (2017) ya Katja Benrath, ina dakika 22 tu, na iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018. Inatokana na tukio la Desemba 2015 huko Mandera, Kenya: wauaji walilisimamisha basi wakitaka Wakristo watengwe, na abiria Waislamu wakakataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016.

Hii niliitazama na mwanangu. Ilipokwisha aliniuliza, "Baba, ungekuwa wewe, ungekataa?" Nilichelewa kumjibu. Nilimwambia namwomba Allah anijaalie ujasiri ule.

Barua ile sijaipeleka. Nimeiomba kamati izungumze na mwenye kibanda ili afunge nyakati za swala na asiwaingize watoto usiku. Sehemu iliyobaki ni yetu wazazi: tukae na watoto wetu, tutazame nao, tuulizwe. Swali lile asingeniuliza akiwa chini ya shuka.