Kweli au Si Kweli: Fedha za Utafiti wa Kampuni

Kampuni ikitangaza imetenga mabilioni kwa utafiti na bidhaa mpya, kila mtu huwa na lake la kusema. Tumepima madai manne.

“Kila sekta hutenga kiasi kilekile.”
SI KWELI. Kampuni kubwa za dawa kwa kawaida hutumia zaidi ya shilingi 15 katika kila 100 za mauzo. Watengenezaji wengi wa magari huwa kati ya 4 na 6, na kampuni za mafuta mara nyingi hazifikii hata 1. Dawa mpya yaweza kumaliza miaka 10 kwenye majaribio, lakini ikifaulu hulindwa na hataza na mwenyewe huiuza peke yake. Petroli ni ileile kituo chochote utakachojazia.

“Fedha nyingi zimo katika sekta chache.”
KWELI. Tume ya Ulaya hutoa kila mwaka orodha ya kampuni zinazoongoza duniani kwa matumizi ya utafiti. Vifaa vya elektroniki, programu na huduma za intaneti, afya na magari huchukua zaidi ya robo tatu ya fedha hizo.

“Anayetumia nyingi ndiye mshindi.”
SI KWELI. Mwaka 2010 Nokia ilitumia takribani euro bilioni 5.9, karibu asilimia 14 ya mauzo yake, ingawa sehemu ilikwenda kwenye mitambo ya mitandao na ramani. Apple ilitumia dola bilioni 1.8, chini ya asilimia 3. Mwaka 2014 biashara ya simu za Nokia ilikuwa mikononi mwa Microsoft.

“Ubunifu hutoka maabara tu.”
SI KWELI. M-Pesa ilijaribiwa Kenya kuanzia 2005 kwa wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo, ili walipe marejesho kwa simu. Wao wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Ilipozinduliwa 2007, huduma iliyonadiwa ilikuwa hiyo ya kutuma pesa nyumbani.

Kwa hiyo ukisoma hesabu za kampuni, usibabaishwe na mabilioni. Gawanya fedha za utafiti kwa mauzo, kisha linganisha na washindani wa sekta hiyohiyo. Kiwanda cha dawa na kampuni ya mafuta havipimwi kwa mizani moja.