Pikipiki haifungwi kama gunia: namna ya kuisafirisha salama juu ya gari

Katika ukanda wa dhahabu unaoanzia Kahama, kupita Kakola na kuingia Geita hadi Nyarugusu, Rwamgasa na Katoro, pikipiki ndicho chombo cha kila mtu. Humpeleka mchimbaji duarani, mama lishe na masufuria yake sokoni, mgonjwa zahanati na mifuko ya mawe kwenye makarasha. Lakini pikipiki yenyewe mara nyingi hufika huko ikiwa imebebwa. Iliyo mpya hutoka madukani Mwanza, Shinyanga au Kahama juu ya pikapu, Kenta au Fuso, na iliyoharibika vibaya hurudishwa mjini kwa fundi kwa njia hiyo hiyo.

Wengi wanaoisubiri upande wa pili ni vijana wa mkataba, wanaomlipa mmiliki kidogo kidogo mpaka chombo kiwe chao. Ikidondoka njiani, chombo kinaharibika na deni linabaki palepale. Hasara hiyo bado ni ndogo ikilinganishwa na ile ya mwendesha bodaboda anayefuata nyuma ya gari, ambaye hana mahali pa kukwepea.

Kosa linaloonekana zaidi barabarani ni kuifunga pikipiki kama gunia la mpunga: inasimamishwa kwa stendi ya pembeni, inazungushiwa mpira uliokatwa kwenye tyubu, kisha kijana mmoja anapanda bodini kuishika. Hesabu ndogo inatosha kuonyesha kwa nini utaratibu huo haufai. Pikipiki ya kawaida ya cc 125 au 150 ina uzito wa kilo 120 hivi. Kigezo kinachotumika Ulaya katika ufungaji wa mizigo kinataka vifungo vihimili nguvu ya kuelekea mbele inayolingana na asilimia 80 ya uzito wa mzigo, kwa sababu hiyo ndiyo nguvu ya breki ya ghafla, na asilimia 50 kwa pembeni na nyuma. Kwa pikipiki hiyo ni sawa na kilo 96 zinazosukuma mbele na kilo 60 zinazosukuma pembeni, tena kwa kushtukiza. Hakuna mtu anayeweza kuzizuia kwa mikono akiwa amesimama kwenye bodi linalotikisika. Kijana yule anageuka kuwa mzigo wa pili usiofungwa. Na kitu kilicho juu ya gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa kina nguvu ya mwendo sawa na ya kitu kilichoangushwa kutoka kimo cha mita 14, urefu wa jengo la ghorofa nne.

Mpira wa tyubu una kazi zake, na kwa kufunga kreti ya soda nyuma ya baiskeli hauna mshindani. Tatizo lake ni kwamba huvutika. Gari likiingia kwenye shimo, pikipiki hupanda, mpira unaongezeka urefu, na pikipiki inaposhuka huwa imeshahama. Kinachofaa ni mikanda ya kufungia mizigo yenye kikazio cha meno, au kamba imara ya manila isiyovutika sana, iliyokazwa na mtu anayejua fundo lake.

Pikipiki iingizwe ikitangulia gurudumu la mbele, na gurudumu hilo liegemee ukuta wa mbele wa bodi huku usukani ukiwa umenyooka. Iwekwe gia ya kwanza. Mkanda mmoja ufungwe kila upande, kuanzia kwenye kibano kinachoshika shokapu za mbele, chini ya usukani, kwenda kwenye pete za bodi, ukielekea mbele na nje kwa pamoja. Kibano hicho ni bora kuliko mikono ya usukani, ambayo hupinda au kuzunguka. Mahali mkanda unapogusa rangi au waya za breki pawekwe kitambaa.

Hatua inayofuata ndiyo inayopuuzwa zaidi. Mikanda ya mbele ikazwe kwa zamu, kushoto na kulia, mpaka shokapu zishuke karibu nusu ya safari yake. Springi zilizobanwa huendelea kusukuma juu, na msukumo huo ndio unaoifanya mikanda ibaki imekaza hata gari linaporuka. Zisikandamizwe mpaka mwisho, kwani sili zitaumia na hakutakuwa na nafasi ya kupokea mshtuko. Baada ya hapo stendi ikunjwe: pikipiki iliyokazwa juu ya stendi huielemea na kuipinda. Mikanda miwili ya nyuma, kutoka kwenye fremu karibu na kiti, huzuia mkia kuyumba. Zikibebwa kadhaa, kila moja ifungwe kwenye gari, kwa sababu zilizofungwa zenyewe kwa zenyewe huanguka pamoja.

Petroli nayo ina mambo yake. Koki ya tanki ifungwe na mafuta yapunguzwe kabla ya safari. Kuilaza pikipiki ubavu ndani ya buti la basi ni hatari zaidi, kwani petroli huvuja kupitia mfuniko wa tanki na kabureta, na mvuke wake hubaki umefungiwa chini ya abiria.

Kwa wanaotumia tela dogo, uzito mkubwa uwe mbele kidogo ya ekseli, kiasi kwamba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela ikalie ndoano ya gari. Uzito ukielemea nyuma, tela huanza kupiga mkia, na mwendo ukiongezeka dereva hawezi tena kulituliza.

Kamba yoyote hulegea mwanzoni mwa safari, kwa hiyo dereva asimame baada ya kilomita 15 za kwanza na aikaze upya, kisha arudie kila anapoacha lami na kuingia kwenye changarawe. Kwa wanaotoka Mwanza kwenda Geita, zamani foleni ya kivuko cha Kigongo–Busisi iliwalazimisha kushuka, na wengi walitumia nafasi hiyo kutazama mizigo. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3 lilipofunguliwa Juni 19, 2025, ziwa huvukwa kwa dakika chache bila kusimama. Kituo cha ukaguzi sasa dereva anajipangia mwenyewe.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, hairuhusu gari kuendeshwa katika hali ya kuhatarisha watu, na mzigo ni sehemu ya hali hiyo. Mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na kilomita 80 nje ya makazi kwa gari linalozidi kilo 3,500. Kadi ya usajili, au stakabadhi ya mauzo kwa pikipiki mpya, isafiri pamoja na chombo.

Wakati wa kushusha, mikanda ya nyuma ifunguliwe kwanza. Ile ya mbele ifunguliwe wakati mtu mwingine ameshashika usukani, kwa sababu springi zilizobanwa huachia kwa nguvu. Pikipiki ishuke kinyumenyume juu ya ubao mpana uliofungwa kwenye bodi, injini ikiwa imezimwa, watu wawili wakiizuia kwa breki ya mbele.