Gari lisilo na dereva: Tatizo si hofu

Usiku wa Machi 18, 2018, mjini Tempe, jimbo la Arizona nchini Marekani, gari la majaribio la kampuni ya Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku akikokota baiskeli. Gari lilikuwa likijiendesha, ingawa nyuma ya usukani aliketi mwangalizi aliyeajiriwa kuingilia kati mtambo utakapokosea. Wachunguzi wa serikali walibaini kwamba macho yake yalikuwa kwenye simu. Ni rahisi kumwita mzembe na kufunga faili. Lakini wachunguzi walitaja pia udhaifu wa kibinadamu: anayekesha akilinda mtambo unaokosea kwa nadra hulegea bila kukusudia. Tunaambiwa kikwazo cha magari haya ni woga wa watu. Kisa hiki chaonyesha hatari iliyo kinyume chake, yaani imani isiyo na kipimo.

Imani hiyo huzaliwa na nini? Mwaka 2014 mtafiti Adam Waytz na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa kifaa cha kuigiza uendeshaji. Baadhi ya washiriki walipewa gari linalojiendesha tu. Wengine walipewa gari lilelile, ila limepachikwa jina la Iris na sauti ya kike. Uwezo wa kuendesha haukuongezeka hata chembe, lakini waliosikia sauti ya Iris waliliamini gari zaidi. Hata kipimo tunacholinganishia mtambo, yaani udereva wetu wenyewe, kimepinda: katika utafiti wa mtafiti Ola Svenson wa mwaka 1981, asilimia 93 ya Wamarekani waliohojiwa walijiona mahiri barabarani kuliko dereva wa kati, jambo lisilowezekana kihesabu. Kwa hiyo anayeogopa na anayeamini wote wanapima kwa mizani mbovu.

Wapo watakaosema takwimu zitamaliza ubishi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba ajali za barabarani ziliua watu milioni 1.19 mwaka 2021. Mtambo ukipunguza vifo hivyo, woga unatugharimu roho za watu. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau kwamba binadamu hahesabu maiti tu. Mapema mwaka 1969 mtafiti Chauncey Starr alionyesha kwamba watu huvumilia hatari waliyoichagua wenyewe kuliko waliyobebeshwa. Mwenye kupanda gari hilo amechagua. Mwenda kwa miguu hakuulizwa. Kudai uthibitisho kabla ya kubebeshwa hatari si ushamba. Tena takwimu hutegemea mkweli wa kuzitoa: mwaka 2024 Cruise, kampuni ya magari yanayojiendesha, ilitozwa faini ya dola milioni 1.5 kwa kutotoa taarifa kamili za ajali ya San Francisco ya mwaka 2023, ambapo gari lake lilimburuta mtembea kwa miguu.

Basi lengo lisiwe kuongeza imani, bali kuilinganisha na uwezo halisi wa mtambo, na hilo linaanza kwa mtambo kukiri mashaka yake. Kule Tempe vihisio vilimnasa yule mwanamke sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Muda wote huo mtambo ulibabaika: ni gari, ni kitu kingine, ni baiskeli? Kengele ya kumtahadharisha mwangalizi ililia zikiwa zimebaki sekunde 0.2.