Daftari la Duka Ndani ya Kompyuta

Ndugu msomaji mwenye biashara ndogo hapa Regent Park, uuzaye sambusa au ushonaye nguo, kabla ya kuuliza bei ya programu ya hesabu, uliza kwanza wajibu wako.

Sheria ya kodi ya Kanada yataka kumbukumbu zihifadhiwe miaka 6 baada ya mwaka wa kodi unaohusika. Je, ukiacha kulipia programu, hesabu zako utazipata? Isiyokuruhusu kuzinakili na kuzihifadhi kwako, iache, hata ikiwa ya bure.

Pili, mauzo yakizidi dola 30,000 katika robo mwaka 4 zinazofuatana, yakupasa kujiandikisha na kutoza HST, ambayo Ontario ni asilimia 13 tangu Julai 2010. Programu na iitenge fedha hiyo: ni amana, si faida.

Tatu, madeni. Tumeamrishwa kuyaandika katika Suratul Baqara, aya ya 282. Programu ioneshe mdaiwa, kiasi na tarehe.

Nne, mwaka wa zaka ni wa Hijria, mfupi kwa siku 11 hivi. Basi programu ikupe hesabu ya siku yoyote uitakayo, si ya Desemba 31 pekee.

Ijaribu mwezi mmoja, daftari la karatasi likiwa kando. Hesabu zikilingana, ndipo uhame.

Wabillahi tawfiq.