Anza na Breki, Usukani Utafuata

Safari Rally ilipofutwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, vumbi la Naivasha lilipatikana kwingine: mchezo wa video wa WRC 9 ulitoka mwaka huohuo ukiwa na njia za Kenya. Mwaka uliofuata mbio zenyewe zilirudi kwenye ubingwa wa dunia baada ya miaka 19, Sébastien Ogier akashinda. Tangu hapo vijana wengi wa Nakuru wanatamani kuendesha wakiwa sebuleni, na swali lao la kwanza huwa ni usukani gani wanunue.

Mimi ningeanza na breki. Kwenye gari halisi mwili mzima huhisi tairi zikiteleza. Nyumbani hisia hiyo haipo, umebaki na macho, mikono na mguu. Pedali za bei nafuu hupima umbali ambao mguu umesogea. Zile zenye kihisi cha nguvu hupima ulivyokanyaga, na mguu hukumbuka nguvu vizuri kuliko umbali. Ndiyo maana dereva mwenye Logitech G29, usukani wa gia unaozunguka nyuzi 900 na kupiga kelele kidogo, atajifunza mengi akiboresha pedali kabla ya kuhamia usukani unaoendeshwa na mota moja kwa moja, kama Moza R5 wenye nguvu ya nyutoni-mita 5.5.

Lakini angalia mashine yako kwanza. G29 hukubali PlayStation na kompyuta. Mwenye Xbox atafute G920. Pedali au breki ya mkono ya kampuni nyingine, inayochomekwa peke yake kwa USB, itafanya kazi kwenye kompyuta, ila PlayStation itaikataa. Kwa mpenzi wa rali hilo ni jambo zito, maana kona kali za changarawe zinadai breki ya mkono.

Breki yenye kihisi cha nguvu ni ngumu, nayo itasukuma nyuma kiti chochote cha ofisi chenye magurudumu. Hapa Nakuru tumebarikiwa: mafundi wa jua kali wanaochomelea mageti na vitanda wanaweza kukutengenezea fremu ya mabomba ya mraba, nawe ukatafuta kiti cha gari kuukuu. Kaa kwanza, kanyaga hadi mwisho, goti libaki limekunjwa kidogo, ndipo fundi apime. Pedali azifunge kwa bolti kwenye matundu kadhaa, asizichomelee, kwa sababu ndugu yako mfupi naye atataka zamu.