Kivuli cha Wote

Mji haujengwi kwa nyumba za kulala peke yake. Watu wakikaa karibu karibu pasipo mahali pa kukutana, huwa majirani wa ukuta tu: kila mmoja husikia kikohozi cha mwenzake, wala hajui shida yake. Wazee wetu walilifahamu jambo hilo. Nasi tunaokaa Kolwezi na katika nchi yote ya Lualaba yatupasa kulifikiri upya, kwa maana siku hizi shaba na kobalti hutafutwa hata chini ya mitaa yetu.

Katika vijiji vya Walunda na Wandembu palikuwa na banda lililoitwa chota, nalo lilisimama katikati ya kijiji. Lilikuwa paa la nyasi juu ya nguzo za miti, pande zake wazi. Humo wanaume walikula pamoja, wageni walipokewa, na mashauri yalikatwa. Tazama hekima ya ujenzi huo. Kwa kuwa hapakuwa na ukuta mrefu, kila apitaye aliwaona wanaosema. Kwa kuwa watu walikaa kwa kuzunguka, hakuna aliyewekwa nyuma ya mgongo wa mwenziwe. Lakini tusisifu kupita kiasi: banda hilo lilikuwa hasa la wanaume, na mama mwenye neno jema mara nyingi alilinena jikoni.

Watu wa pwani nao walikuwa na njia yao. Zanzibar na Lamu, baraza ni kiti cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, upande wa njia. Mwenye nyumba huwapa wapita njia mahali pa kuketi, naye hapungukiwi kitu. Kutoka katika kiti hicho neno lenyewe limekwenda mbali, hata leo tunasema baraza la wazee na baraza la mawaziri.

Mji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya kazi ya Union Minière. Tangu mwaka 1928 hivi, kampuni hiyo ilikuwa imeanza kuwataka wafanyakazi wakae kambini pamoja na wake na watoto wao. Basi kambi zilijengwa kwa mistari iliyonyoka, na pamoja na nyumba zikajengwa shule, zahanati, kanisa, uwanja wa mpira, sakla ya kunywea na kuongea, na foyer ambamo akina mama walifundishwa kushona na kulea watoto. Tena, kama ilivyokuwa desturi katika miji ya Kongo ya Wabelgiji, nafasi tupu iliachwa kati ya mtaa wa Wazungu na mitaa ya Waafrika. Uwanja huo nao ulikuwa wazi, lakini ulipimwa ili watu wasikutane.

Nyumba za kambi zilijengwa kwa nguvu, hilo hatulikatai. Hata hivyo ufunguo wake ulikaa mkononi mwa kampuni. Kampuni ndiyo iliyoamua saa ya kufungua, na ni nani aingie. Ndiyo maana yafaa kukumbuka jambo lililotokea baada ya mwaka 1953, Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alipofika kufanya kazi katika kambi za Kolwezi. Hapo likazaliwa kundi la Jamaa. Waume kwa wake walikutana, hata nyumbani mwao, wakafundishana kwa Kiswahili mambo ya umoja na upendo. Chumba kidogo cha mfanyakazi kikawa mahali pa mkutano, na mama akaketi karibu na mumewe akasema.

Mwaka 1967 mali ya Union Minière ilichukuliwa na serikali, na kampuni iliyorithi ikaitwa baadaye Gécamines. Katika miaka ya 1990 ilianguka vibaya, na katika miaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi. Shule, hospitali na nyumba za starehe zilizotegemea mfuko mmoja zikadhoofika pamoja.

Kisha likaja jaribu jingine. Mwaka 2014 katika mtaa wa Kasulo watu walianza kuchimba kobalti ndani ya malupango yao, hata chini ya sakafu. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta ikapewa kampuni, na wakaaji wake wakahamishwa. Katika Cité Gécamines pia, tangu mgodi wa jirani ulipofunguliwa tena mwaka 2015, jamaa nyingi zimelazimika kuondoka.

Hapa ndipo penye neno letu. Mtu anapohamishwa huhesabu vyumba, milango na miembe yake, adai malipo. Lakini ule uwanja walipokaa watu wakati wa kilio, mti uliowafunika wazee wakipatanisha mume na mke, nani atauhesabu? Si wa mtu mmoja, basi huenda bure. Na watu wakitawanywa pasipo kivuli cha wote, hata nyumba mpya nzuri haiwarudishii ujirani.

Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kampuni itoe angalau 0.3 kwa mia ya mapato ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa mahali. Wazee wa mtaa wanapoulizwa mahitaji yao, wataje kisima na shule, wataje na nyumba ya kukutania.

Nyumba hiyo haihitaji fahari. Udongo wa vichuguu vyetu hutoa matofali mazuri ya kuchoma. Ukuta uishie kiunoni, upepo upite, na apitaye aone. Paa litokeze mbele sana, kwa maana mvua ya Novemba hadi Aprili hupiga kwa ubavu. Chini ya mabati iwekwe dari, la sivyo mvua ikinyesha hakuna atakayesikia neno. Mabenchi yazunguke, jiko la akina mama lijengwe ubavuni, lisiwe mbali, ili waandaao chakula cha kilio wasikie yanayoamuliwa. Ufunguo wa stoo wapewe watu watatu, mmoja wao mama.

Lakini kabla ya tofali la kwanza, wakubwa wa mtaa waende ofisi ya ardhi, uwanja upimwe, na hati iandikwe kwa jina la wakaaji wote. Nakala zake zitunzwe katika nyumba zaidi ya moja. Siku wapimaji wa mgodi watakapofika na daftari zao, hati hiyo iwekwe mezani pamoja na hati za malupango.